Boksi Mbele ya Rejeta

Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2025 ndiyo siku mambo yalipoharibika. Gari la mashindano alilokuwa akiendesha Benjamini, dogo, lenye turbo, liliwaka moto katikati ya mlima wa Ipogolo, watu wa Iringa wanatazama. Walipofika na mchanga, dereva alikuwa ameshakufa, mkanda ungali kifuani.

Jioni fundi wake, Anord, alikuwa mahabusu. Aliyemtaja ni mwenye gari, Bosi Edmund.

Inspekta Marcelino hakumpenda mtuhumiwa anayeletwa na tajiri. Mkewe alifia kwenye benchi la zahanati, gari la wagonjwa limeegeshwa nje linasubiri saini ya mkubwa. Tangu hapo, mkubwa akinyoosha kidole, yeye hukitazama kidole kwanza.

"Fundi, nieleze kama unavyomweleza mkeo."

"Sina mke, afande."

"Basi leo ni mimi. Eleza."

Anord nusura acheke. "Turbo, ile inayoisukumia injini hewa, inapata moto vibaya sana. Inayoipoza ni oili, na oili yenyewe ina rejeta yake ndogo hapa mbele, inapigwa upepo. Ikikosa upepo, oili inachemka, mpira unapasuka. Ikiimwagikia turbo, gari linawaka."

"Uliikagua hiyo rejeta?"

"Nilitaka. Bosi akasema nachelewesha, gari liingie mstarini."

"Na geji haikumwonyesha dereva?"

"Ilimwonyesha. Alisema redioni, oili imepita nyuzi mia na hamsini, nasimama."

"Mbona hakusimama?"

Anord akautazama mlango. "Redio ya upande wetu alikuwa ameishika bosi."

Marcelino akaenda yadi ya polisi, akalala chali chini ya gari. Mbele ya rejeta ya oili kulikuwa na kipande cha boksi kilichoungua, kimefungwa kwa utepe wa kitenge. Fundo moja lilikuwa limenusurika: kijani, maua ya njano.

Msiba ulikuwa Kihesa, kwa dada wa marehemu. Mjane, Tusajigwe, aliyekuja na mumewe kutoka Soweto ya Mbeya, alikuwa ndani, amejifunga kitenge cha kijani. Pindo limechanwa.

"Pole sana, mama. Nani kachana hicho kitenge?"

"Mimi, afande."

"Na boksi?"

"Mimi." Hakulia. "Baba yangu aliendesha lori. Baridi ya Uyole unaijua. Asubuhi za Julai aliziba rejeta kwa boksi injini ipate joto, jua likitoka analitoa. Benja alikuwa anagombezwa na bosi, eti anakaa sana kupasha oili, anamaliza mafuta. Gari lililala hapa uani, nikasema nimsaidie, nikaiziba wakati anaoga."

"Hukumwambia?"

"Nilitaka nimwambie kwenye chai. Bosi akapiga honi nje, Benja akatoka mbio, chai kaiacha mezani. Na mimi nikasahau."

Marcelino akatoka uani kumpigia mkuu wake.

"Mwachie fundi," mkuu akasema. "Andika ajali, funga jalada."

"Na ya redioni, mkuu?"

Simu ikakatwa.

Akarudi, akachuchumaa mbele ya mjane. "Mama, mumeo aliona oili imechemka. Alisema anasimama."

Tusajigwe akainua uso. "Alisema?"

"Alisema."

"Akakatazwa na nani?"

Nje, chini ya turubai, Bosi Edmund alikuwa amekalia kiti cha mbele, anapokea pole za watu. Tusajigwe alimtazama kupitia dirisha, kisha akamgeukia Marcelino, aliyekuwa bado ameshika simu.

"Utamuuliza?"