Mbao ya Msalaba wa Bibi Paskalia

Fidelis ni jirani yetu hapa Mazimbu, fundi wa vinyama vya mbao. Nayasimulia mimi haya kwa sababu yeye hawezi kuyasimulia bila kuinamisha kichwa.

Jumamosi hiyo ilianza vizuri tu. Redio ilikuwa inaimba kwaya, na Fidelis amekaa kwenye kigoda mbele ya msumeno wake wa umeme, ule mdogo wa mezani wenye ukanda mwembamba kama uzi. Msumeno ule hautaki papara. Unaizungusha mbao polepole kwa vidole, na ukiwa na mkono mwepesi, sikio la sungura linatoka bila mkwaruzo. Mkono mwepesi anao. Alichokuwa amekikosa mwezi mzima ni mninga mkavu, maana mbao mbichi hupasuka pale pale kwenye mkia.

Hatimaye alikuwa ameupata, na njia aliyoupatia ndiyo aibu yenyewe.

Wiki tatu nyuma ukoo wao ulipanda kwao milimani, Mgeta, kulijengea kaburi la Bibi Paskalia, aliyemlea Fidelis tangu ananyonya, na kulisimamishia msalaba mpya wa saruji. Kwao, msalaba wa zamani hauchomwi wala hauondoki pale. Unazikwa miguuni pa marehemu, na anayeuzika ni mjukuu wake mkubwa wa kiume, yaani Fidelis. Wenzake wakateremka kwenda kula. Fidelis akabaki na jembe, manyunyu yakimwangukia, akiukodolea macho ule msalaba. Miaka ishirini ya mvua na ukungu, na mninga bado mwekundu, hauna hata tundu la mdudu! Akachimba shimo, akalijaza mawe, akafukia. Msalaba akaung'oa misumari, akavitia vipande vyake viwili kwenye gunia la kabichi.

"Umeuzika vizuri?" mjomba Yakobo, mkubwa wa ukoo, alimuuliza.

"Nimeuzika, mjomba."

Uongo ulimtoka laini kuliko alivyotegemea.

Mti wa kusimama ulitoa twiga kumi na wanne. Wote waliuzwa Msamvu, stendi ya mabasi, wakaondoka na abiria, huyu Dodoma, yule Mbeya. Mti wa mikono ulitoa tembo, kima na sungura, akampelekea Brenda, binti wa dada yake Ester, mwenye miaka sita. Mjomba mkono mtupu ni mjomba gani?

Sasa, Jumamosi hiyo, saa sita mchana, Ester akatokea mlangoni na Brenda mgongoni. Mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, huku na huku, mpaka Ester ikambidi aingie kiubavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umenyoosha mikono hivyo?"

"Haishuki. Ya Bibi pia haishuki. Anasema inamuuma."

"Ni tangu juzi, kaka," Ester akanong'ona. "Hospitali wamempima, hawaoni kitu. Halafu anasema huyo bibi hana kidole."

Bibi Paskalia alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwa mundu, akikata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyewahi kumwambia Brenda.

Katika ngumi ya mtoto kulikuwa na sungura mwekundu.

"Kaka. Mbao hii umeitoa wapi?"

Fidelis akauzima msumeno. Akasema huku akitazama ndala za dada yake. Alisema yote kuhusu gunia, shimo na mawe. Ester hakupiga kelele. Angemtukana, Fidelis angepata nafuu. Alimgeuzia mgongo tu.

Jumapili, baada ya misa, walipanda Mgeta, wakalifukua lile shimo. Mjomba Yakobo alitoa jiwe mojamoja na kulipanga mbele ya miguu ya Fidelis, ukoo mzima umesimama. Wakawaweka tembo, kima na sungura, na konzi moja ya unga wa mbao kwenye kitambaa cheupe.

"Ni hivi tu?" Yakobo akauliza kwa sauti ya chini.

Macho yote yalikuwa kwake. Twiga walikuwa wametawanyika nchi nzima. Angeanzia wapi kusema?

"Ni hivyo tu, mjomba. Mti wa kusimama ulikuwa umeoza."

Wakafukia. Mikono ya Brenda ikashuka, mmoja, kisha wa pili. Wanawake walilia kwa furaha. Fidelis naye alilia, wakadhani ni furaha hiyohiyo.

Jumatatu asubuhi simu yake iliita akiwa anafungua kufuli la karakana, iliyokuwa imefungwa tangu Jumamosi.

"Kaka." Ester alikuwa ananong'ona. "Brenda hasimami."

Fidelis akausukuma mlango.

"Anasema Bibi anauliza miguu yake iko wapi. Nimjibu nini?"

Sakafu ilikuwa imejaa unga wa mbao. Juu yake kulikuwa na alama za viganja. Kulia. Kushoto. Kulia. Kile cha kulia kilikuwa na vidole vinne tu. Nyuma yake, mburuzo mpana. Hakuna nyayo. Alama zilianzia mlangoni, zikaishia kwenye kigoda chake.

Za kurudi hazikuwepo.

"Kaka? Uliuzika wote?"

"Hapana, dada. Nilidanganya tena."

Siku hizi ukipita Msamvu utamwona, anazunguka kutoka basi hadi basi, akiwauliza makondakta na abiria kama wamewahi kuona twiga mdogo wa mbao nyekundu. Wanamcheka. Anainamisha kichwa, anauliza kwenye basi linalofuata. Kila twiga anayempata anampandisha Mgeta mwenyewe, na kumzika mbele ya mjomba Yakobo. Amefikisha saba. Brenda sasa anasimama, kwa mguu mmoja.

Karakana haijafunguliwa tangu siku ile. Ufunguo anao Ester. Juzi nilichungulia dirishani. Viganja bado vipo kwenye ule unga, kama Fidelis alivyoeleza. Pembeni ya kigoda kuna alama nyingine, mpya.

Ni unyayo. Mmoja tu.