Mbweha wa Wino

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Glafira na binamu yake Kostya walikaa kando ya jiko la vigae katika chumba cha mjomba wao, huku theluji ya Moscow ikirundikana dirishani. Mjomba Platon Savich Ozerin alikuwa waziri wa sheria aliyejiuzulu. Ilisemekana alikataa kutia sahihi hukumu ambayo hakuruhusiwa kuisoma. Sasa alitunza mimea katika nyumba ya vioo na kutunga ngano za wanyama. Aliwasomea watoto kila ngano mpya, akaiacha bila tamati, nao wakapaswa kutaja funzo. Glafira, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hakuwahi kushindwa.

Sifa zikamlevya. Akaanza kuwapachika watu wa nyumba ile majina ya wanyama: mwendesha farasi alikuwa dubu, mpishi alikuwa bata, na Yefim, mtwana mwenye nywele nyekundu, alikuwa mbweha.

"Na wewe je, ni mnyama gani?" Kostya aliuliza.

"Mimi si mnyama. Mimi ndiye mtunzi."

"Kasuku wote husema hivyo," Kostya akamjibu.

Mkesha wa sikukuu ya mtakatifu ambaye mjomba alipewa jina lake, limau pekee lililoiva katika nyumba ya vioo likatoweka. Mama Mkubwa Agrafena, dada wa mjomba na mshika funguo wa nyumba, aliwakusanya watu wote sebuleni.

"Nani aliingia mle leo?"

"Yefim," Glafira akasema. "Nilimwona akilichuma."

Hakumwona. Alimwona tu akitoka na kapu tupu la kuni. Lakini penye tunda na mbweha, mwizi wa kutafutwa ni nani tena?

"Bibi, naapa, sikuligusa," Yefim alisema. "Niliingia kuchochea moto."

"Nyamaza. Mtoto wa kiungwana adanganye apate nini? Wiki hii wanakusanya askari wapya. Utakwenda wewe."

Watwana walikuwa mali ya bwana wao, na aliyepelekwa jeshini alirudi na mvi, kama alirudi. Mama yake Yefim, aliyekuwa dobi wa nyumba ile, akashika ukuta.

Mjomba Platon alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina udongo.

"Dada, ngoja kidogo. Glafira, umesema ulimwona?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Vema. Nilipokuwa waziri, shahidi alisema akimtazama mshtakiwa usoni. Mgeukie Yefim, useme tena."

Glafira akageuka. Kwa mara ya kwanza hakuona nywele nyekundu. Aliona midomo iliyokauka, na mikono ile ile iliyomvuta kwa sleji juu ya theluji majira yote ya baridi. Alijua akisema kweli ataaibika mbele ya wote, hata mpishi. Alijua pia akinyamaza nini kitatokea.

"Sikumwona," alisema, machozi yakimtoka. "Nilidhani tu. Nisamehe, Yefim."

Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimuuma zaidi.

Mjomba akawatuma wote wakatafute. Haukupita muda, sauti ya Kostya ikasikika nyuma ya mapipa ya mimea. Limau lilikuwa limeanguka lenyewe likabingiria hadi ukutani, na panya alikuwa amelila nusu.

"Panya!" Kostya alicheka. "Jina la huyo hukumpachika mtu yeyote, mtunzi."

Mama Mkubwa akamwambia Yefim arudi kazini. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo watu hawakuizoea, akaongeza, "Na umwambie mama yako apumzike leo."

Jioni Glafira aliketi kando ya jiko, kichwa chini.

"Mjomba, katika ngano zako mbweha ndiye mwizi siku zote."

"Ndiyo, kwa sababu mbweha yule nimemuumba mimi kwa wino," mzee alisema. "Ninajua alichokifanya kabla hajakifanya, na nikimhukumu hakuna mama atakayelia. Yefim sikumuumba mimi, mwanangu, wala hukumuumba wewe. Basi juu ya mtu usiseme ila ulichokiona. Na kama hukuona, kauli ya heshima ni moja tu: sijui."

Akachukua karatasi ya ngano mpya, akaanza kusoma. Alipofika mwisho, kama kawaida, akamsubiri Glafira ataje funzo.

Glafira aliisogelea karatasi.

"Nisomee tena, Mjomba," akasema. "Bado sijui."

Mzee akatabasamu, akaanza upya tangu mstari wa kwanza.