Mapafu ya Kondoo Aliyepona

Kondoo alikutwa nyuma ya kituo cha utafiti, karibu kabisa na maji ya ziwa, amechinjwa na kupasuliwa kifua. Miguu ipo. Mkia na mafuta yake upo. Kilichokosekana ni mapafu tu.

Inspekta Leonia alichuchumaa, akafukuza nzi.

"Vibaka hawa, afande," alisema Koplo Bariki.

"Kibaka gani anaacha paja, Bariki? Wewe ungeliacha?"

Bariki alimeza mate. "Nisingeliacha."

Daktari Hamdani, mkuu wa utafiti, alisimama pembeni kama mfiwa. Alieleza kuwa kondoo huyu alikuwa na saratani ya mapafu, maana kondoo nao huugua kama sisi. Walimpiga mionzi kwa namna mpya, inayojaribiwa kwa wanyama kwanza. Wenzake walikufa. Yeye uvimbe ukanywea, akapona.

"Zizi limevunjwa?"

"Hapana."

"Mlinzi alisikia kelele?"

"Hakusikia kitu."

"Basi alimfuata mtu anayemjua. Nani humlisha?"

"Eliakimu. Lakini yule ni mtu wa kanisani, Inspekta."

"Hata mimi ni wa kanisani, daktari. Kwake kuna mgonjwa?"

Hamdani aliinamisha kichwa. "Mkewe. Saratani hiyo hiyo ya mapafu."

Leonia alielewa mara moja. Kijijini kwao Kalinzi, aliyepungukiwa damu hupikiwa maini, mwenye magoti mabovu huchemshiwa makongoro, miguu ya ng'ombe. Kiungo kinachouma hulishwa kiungo mwenzake. Naye mwenyewe alilelewa hivyo.

Wote watatu walimkuta Eliakimu uani kwake Ujiji, anapuliza moto. Sufuria ilitokota, ikinukia ndimu na tangawizi. Hakukimbia.

"Mwakeye, mama," alisalimu kwa Kiha. "Nilijua mtakuja."

"Umemchinja wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa namwingiza kwenye mashine kwa mikono yangu hii, anahema kwa shida kama Recho wangu. Akapona, akawa anaruka uzio! Nikampigia daktari magoti amtibu na mke wangu. Akasema mashine ni ya wanyama, nisubiri. Recho asubiri kwa pumzi gani, mama? Nikasema dawa imo mle mapafuni. Mungu anisamehe."

"Hamna kitu mle!" Hamdani alifoka. "Mionzi hupita, haibaki! Mapafu yale ndiyo ushahidi wetu. Mwezi ujao wakaguzi wangempima yule kondoo, turuhusiwe kuanza kwa watu. Na wa kwanza angekuwa Recho!"

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukupa tumaini la bure."

Eliakimu aliuacha moto, akamgeukia.

"Ungenipa hilo hilo la bure, daktari."

Leonia alitoa pingu. Alishawafunga wauaji bila kusita. Leo alizishika tu mkononi.

Ndani kilisikika kikohozi kikavu, kisha sauti nyembamba ya Recho akimwita mumewe.

"Baba Yona, ni wageni hao? Wakaribishe supu. Leo kifua changu kimefunguka kidogo."

Bariki alikuwa ameinamia sufuria, kitambaa mkononi, akingoja amri ya kuibeba kama kielelezo.

"Iache kwanza," alisema Leonia. "Ampakulie mkewe."