Aliyeitika wa Nne

Watoto wa mbwa walikuwa watatu, ila kila mkufunzi alipowaita, miguu iliyokuja mbio sakafuni ilikuwa ya mbwa wanne.

Mwanzoni alisingizia mwangwi. Kisha ikaja harufu ya saruji iliyolowa, ileile aliyotoka nayo Kobe, mbwa mzee wa uokoaji, walipomfukua amekufa chini ya ghorofa lililoporomoka. Kobe alikuwa akinusa maiti kwenye kifusi, kisha anaketi papo hapo, wala hakuwahi kukosea. Ndiyo maana mkurugenzi wa kituo alipeleka kipande cha sikio lake maabara, zikatoka nakala tatu, akaamuru zote ziitwe Kobe.

"Ni mbwa yuleyule, dada. Sayansi hiyo."

"Sasa mbona yuleyule anakonda, bosi?"

Maana mdogo wao alikuwa anakwisha. Alikula, lakini chakula kilikwenda kwenye tumbo lingine. Na Chotara, mbwa wa jalalani ambaye mkufunzi alimfundisha mwenyewe akaiva, alikataa katakata kuvuka mlango wa banda lao.

Mkufunzi akamleta shangazi yake, mganga. Shangazi akanusa, akarudi nyuma.

"Humu anaitwa nani?"

"Kobe, shangazi. Wote."

"Mwanangu! Mnaita marehemu kutwa nzima, halafu mnashangaa kuitikiwa? Jini la kifusi hilo, limevaa jina lake. Wape hawa majina yao. Hilo lingine lisitamkwe tena."

Akawapa: Kitasa, Soksi, Kijiko. Banda likatulia. Kijiko, yule mdogo, akalamba bakuli hadi likang'aa.

Kisha mkurugenzi akaja bandani na wageni.

"Bosi, nakuomba," mkufunzi alinong'ona, "usiliite lile jina."

"Niwaambie wageni wangu mbwa wa maabara anaitwa Kijiko? Acha ushamba, dada." Akapiga mluzi. "Kobe!"

Watoto watatu hawakutikisika. Nje ya mlango Chotara alijisukuma chini ya gari, na kutoka mwisho wa banda, juu ya vigae vilivyotoka kupigwa deki, zikaanza kuja nyayo za vumbi jeupe, moja baada ya nyingine, bila haraka, zikiwapita wageni mmoja mmoja kana kwamba zinawanusa, zikampita mkufunzi, mpaka zikafika kwenye viatu vya mkurugenzi.

Hapo vumbi likatandaa, umbo la mbwa aliyeketi.

"Nini?" mkurugenzi akauliza, akicheka. "Mbona mnanitazama hivyo?"