Mbaini na Mbuzi wa Mama Holo

Kitu cha kwanza alichokiona Minza ni udongo mweupe kwenye ulimi wa mbuzi. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa kwa ukaguzi na kulazwa mezani, na wenzake wa zizi moja walikuwa nje wakilia. Minza, msaidizi wa maabara, alifungua tumbo la nne kati ya matumbo manne ya mbuzi, akaliosha, akaokota mnyoo mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, akauweka kwenye sahani ya maji.

Katika Jiji la Sibiti, kutambua minyoo haikuwa tena kazi ya watu. Ilikuwa kazi ya Mbaini, mashine ndefu kama twiga aliyeinama kunywa maji, yenye jicho moja la kioo. Jicho likashuka. Mwanga ukaupenya mwili wa mnyoo. Mbaini ikahesabu mistari ya ngozi, ikapima miiba miwili iliyojificha mkiani, alama ya dume, ikalinganisha na minyoo duara yote iliyowahi kutolewa matumboni mwa wanyama, kuanzia kuku hadi tembo. Minza hajakausha mikono, jibu likatoka.

"Mnyoo duara wa swala. Wa porini. Umekutwa kwa mbuzi wa nyumbani. Kundi liteketezwe leo."

Ndivyo sheria ilivyosema tangu Homa Kuu, iliyotoka porini ikiwa imebebwa ndani ya minyoo, ikaingia mazizini, kisha ikaingia majumbani. Baada yake ulijengwa uzio wa mwanga. Wanyama wa pori wakabaki huko, mifugo ikabaki huku.

Mama Holo, mwenye mbuzi, aliinuka kwenye benchi.

"Baba daktari, niliwapeleka kulamba chumvi tu. Mama yangu aliwapeleka wake palepale."

"Wapi, mama?" aliuliza Daktari Ndalahwa, aliyesimama kando ya Mbaini.

"Kwenye udongo mweupe, chini ya uzio. Swala wanalamba upande wao, sisi upande wetu. Chumvi haijui mpaka."

Daktari alivua miwani. "Mashine haijakosea. Mnyoo ni wa swala kweli."

"Nani kasema imekosea? Jina ni lake. Lakini mgeni akipita uani kwangu akanywa maji, ndiyo mtachoma nyumba? Mashine yako ina akili, baba, ila haijawahi kukamua."

Daktari hakucheka. "Huenda mnyoo huo hauwezi hata kuzaliana ndani ya mbuzi. Huenda hauna homa. Mbaini haiulizwi hayo. Mimi niliyeifundisha nimekatazwa kuipinga, na mwenye mifugo haruhusiwi. Pingamizi hutoka kwa mtu mwingine aliyemo chumbani, kwa sauti yake mwenyewe. Akishapinga, anafungiwa na kundi karantini msimu mzima. Mbuzi wakiugua, naye ataugua."

"Kuna aliyewahi?"

"Hakuna."

Mama Holo akamgeukia Minza. "Na wewe binti, mdomo unao, au umeuazimisha?"

Minza aliinamisha kichwa. Shule aliiachia darasa la nne, mwaka mwalimu-mashine alipoanza kupokea majibu ya sauti tu. Majibu alikuwa nayo. Ila kila aliposimama, ulimi uliganda, mashine ikasema "Rudia," na darasa zima likaangua kicheko. Siku moja alibaki nyumbani kuosha vyombo, na hakuna aliyekuja kumwita. Kazi ya minyoo aliipenda kwa sababu minyoo haiulizi mtu kitu.

Mama Holo alikuwa amefika mlangoni. Akaufungua kidogo, akaita polepole, "Sayi. Kulwa. Doto." Kila alipoita, mbuzi mmoja aliitika.

"Unawapa majina ya watu?" daktari aliuliza.

"Ni ya wanangu, baba. Homa iliwachukua wote, hata makaburi yao sikuonyeshwa. Nikawapa mbuzi majina yao ili nipate sababu ya kuyaita kila jioni." Alifunga mlango. "Mbaini inajua jina la kila mnyoo. Haya haiyajui."

Daktari aliitazama sakafu. Taa nyekundu ikawaka, na Mbaini ikauliza kama ilivyozoea, swali ambalo siku zote lilijibiwa na kuta.

"Kuna anayepinga?"

Minza aliutazama ulimi wa yule mbuzi mezani, mweupe bado kwa chumvi ya mpakani. Wa kwake ulikuwa mzito vilevile kama zamani. Akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono.

"Napinga."

Ilitoka ndogo, kama pumzi. Jicho la kioo likamgeukia.

"Sauti haijasikika. Rudia."

Neno lilelile la darasani. Minza alilisikia, na safari hii hakukaa chini.

"Nimesema napinga," akasema. "Naitwa Minza. Nifungieni nao."