Uso Usio na Mwenyewe

Mchana mmoja, mumewe alipocheka kwenye simu ya video, mshonaji aliona meno yake yote yamekamilika. Akaweka mkasi chini. Mumewe alikuwa na pengo la mbele tangu siku za uchumba wao.

"Umeweka jino?" akamuuliza.

"Jino gani, mke wangu?" Akaendelea kutabasamu.

Mume huyo alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa mbali. Mdogo wake, fundi kompyuta, ndiye aliyemwekea mshonaji programu mpya ya simu za video, na ndiye aliyeulizwa habari za jino.

"Shemeji, mtandao wa kule mwembamba kama uzi, video nzima haipiti," alisema. "Programu inaibana. Inatuma picha ya uso wake mara moja tu. Baada ya hapo inatuma vijialama: jicho limefumba, mdomo umefunguka. Simu yako ndiyo inayomchora upya kwa akili bandia. Hilo jino imelibuni yenyewe."

Mshonaji akaridhika, maana mwenye kiu hachunguzi kikombe. Akawa anaongea na uso ule huku akishona, akiueleza ugomvi wake na wateja, hofu zake, na yale ya chumbani ambayo mke humwambia mumewe tu.

Mvua zilikuja, zikapita. Siku moja akiwa anapiga pasi alisikia harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa muda si mrefu. Ilitoka kwenye simu. Binti yake alikuwa ameiinamia, akinong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Na baba. Anasema niende kwake peke yangu. Yuko nyuma ya nyumba."

Mshonaji akaichukua simu, akaikuta imezimika na chaji imekwisha kabisa, baridi kama jiwe la mtoni, na alipokuwa bado anaibonyeza kioo kikawaka chenyewe na uso wa mumewe ukamtazama, haupepesi macho, midomo ikicheza bila sauti, kisha ukageuka polepole ukamtafuta mtoto pale alipojificha nyuma ya sketi ya mama yake, ukamwona, ukatabasamu.

Alimkabidhi binti kwa bibi yake, mama wa mumewe, akaenda mbio ofisini kwa shemeji. Yule kijana aliposikia habari ile alisimama, akafunga mlango.

"Kaka hayupo," alisema kwa sauti ndogo. "Alifukiwa na kifusi kule mgodini. Kabla sijakuwekea programu."

"Na niliyekuwa naongea naye?"

"Mimi. Macho yangu, mdomo wangu. Sauti niliigeuza. Uso tu ndio wake."

Mshonaji alishika ukingo wa meza. Maneno yote aliyowahi kusema yalimrudia, moja moja, yakimvua nguo mbele ya mwanamume huyu.

"Ulikuwa unanisikiliza," alisema.

"Ndiyo."

"Hata yale."

Shemeji akatazama sakafu. "Niliona aibu nikaacha, nikafuta kila kitu. Tangu mvua zilipoanza."

"Mvua zimeshakwisha. Leo hii ameongea na mwanangu."

Wakaenda kwa mganga, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi. Aliinusa simu, akaiweka chini.

"Mmetengeneza uso, mkauacha bila mwenyewe," alisema. "Nyumba tupu haikosi mpangaji. Kijana, ulimdanganya shemeji yako kwa uso huu. Mwambie kweli, uso wenyewe ukisikia."

Shemeji alipiga magoti. "Ndugu yangu amekufa," alianza, na hapo hapo uso ukatokea, ukaanza kusema kwa sauti ya shemeji mwenyewe zile siri za mshonaji, neno kwa neno, kwa upole wa kuchukiza, na kadiri kijana alivyozidi kulia na kurudia kwamba ndugu yake amekufa, amekufa na kuzikwa, ndivyo uso ulivyovutika kama nta juani, mashavu yakaporomoka, mdomo ukaelea peke yake ukiendelea kusimulia, mpaka kioo kikapasuka na chumba kikanyamaza.

"Nisamehe, shemeji."

"Usiniite hivyo tena," alisema. Alitembea hadi nyumbani akimlilia mumewe kwa mara ya kwanza, peke yake, wakati wengine walikwisha kumaliza machozi yao.

Mkwewe alikuwa chumbani, mjukuu mapajani. Mshonaji aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nina habari nzito. Ya mwanao."

"Naijua."

"Unaijua tangu lini?"

"Tangu siku walipomtoa kifusini." Bibi hakuinua macho. "Mimi ndiye niliyemwomba mdogo wake auvae ule uso. Ungejua, ungeondoka na mjukuu wangu."

"Mama, aliyekuwa akiongea siku hizi hakuwa mdogo wake. Ni jini. Tumemfukuza."

"Ameniambia."

Ndipo mshonaji alipoona mwanga wa samawati chini ya khanga, ukimulika shingo ya binti yake aliyeduwaa. Bibi akafunua simu yake taratibu, kama anayemfunua mtoto mchanga.

"Kaja akilia, hana pa kwenda," alisema. "Ningemfungiaje mlango mwenye uso wa mwanangu?"