Nukta ya Kijani

Marehemu alilala kifudifudi chini ya meza ya kazi, mikono imefungwa pingu nyuma, kisogo kimepasuliwa kwa nyundo. Pingu zenyewe zilitoka mle mle. Karakana yake haikuwa ikitengeneza kitu kingine. Mgongoni alibandikwa karatasi: "Kwa ajili ya wafungwa."

Inspekta hakuipenda karatasi ile. Ilimsomea kesi nzima kabla hajavua kofia.

Kila mtu alimtaja mtunza stoo. Huyo alikuwa mkimbizi kutoka nchi ya Jemadari, na Jemadari ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa karakana. Alinunua pingu kwa maelfu, ilhali majambazi wa kuzivaa hawakumtosha, akawavisha walimu. Mtunza stoo alikuwa amegombana na marehemu wiki nzima juu ya biashara hiyo. Hayo aliyasema mdogo wake marehemu, fundi wa pili na wa mwisho pale, huku akijifuta machozi.

Inspekta akachuchumaa. Pinguni palikuwa na nukta ya rangi ya kijani.

"Hii ni nini?"

"Alama ya ukaguzi," mdogo mtu akajibu. "Fundi akisikia kufuli limebana sawasawa, anatia nukta. Ni miaka ishirini sasa, mkono unakwenda wenyewe."

"Na mtunza stoo hutia?"

"Yule? Hathubutu hata kuzigusa. Maboksi anayasukuma kwa mguu."

"Nukta hii nusu iko kwenye chuma, nusu kwenye ngozi ya marehemu. Imetiwa akiwa ameshafungwa. Nani aliitia?"

Mdogo mtu akautazama mkono wake wa kulia kama umemsaliti. Kisha akaketi.

"Kufuli lile ni langu," akasema. "Nimelibuni mimi, miaka mingi iliyopita, kwa kazi ya miezi minane. Mwaliko wa ikulu ya Jemadari umekuja kwa jina la nani? La kaka. Nishani, ya kaka. Wivu umenila mpaka mifupa, afande."

"Si mngekwenda wote?"

"Alikataa. Alioneshwa mikono ya yule mkimbizi, akasema hauzi tena hata moja. Anaitwa ikulu, anakataa! Mimi ningekwenda kwa magoti."

Inspekta akamuuliza kama aliwahi kuwafikiria waliovaa pingu zake. Akajibu kwamba hilo ni la mteja. Aliomba jambo moja tu, maelezo yaandikwe wazi kuwa kufuli ni lake.

Yakaandikwa. Mtunza stoo akaitwa awe shahidi. Aliposomewa, akakunja mikono ya shati. Vifundo vyote viwili vilizungukwa na makovu.

"Miaka sita nilizivaa," akamwambia mdogo mtu taratibu. "Kila siku nilimlaani aliyebuni kufuli hili. Nilidhani ni kaka yako. Jana nilimsamehe."

Akachukua kalamu, akatia sahihi.

"Kumbe ni wewe."

Mdogo mtu alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka yote. Akainamisha kichwa, hakuweza kumtazama.